Hapana Tatu za Ardis Kvamme

Mjini Tverdal, kule Minnesota ambako baridi ya Januari hugandisha pumzi ndani ya pua, mtu akikukaribisha kahawa usimjibu ndiyo. Ukimjibu ndiyo utaonekana umelelewa na mbwa mwitu. Unasema, "Hapana, asante, usijisumbue." Anakuuliza tena. Unasema, "Aa, nimetoka kunywa nyumbani sasa hivi," na huku koo limekukauka kama gome. Anakuuliza mara ya tatu, na hapo ndipo unapotikisa mabega kidogo na kusema, "Haya basi, nusu kikombe." Anakujazia mpaka ukingoni. Mnafurahi wote wawili, na hakuna aliyeonekana mlafi.

Ardis Kvamme alikuwa bingwa wa mchezo huo. Hata marehemu mumewe, Harlan, alimposa mara tatu, na ile ya tatu nusura imponyoke, maana Harlan alikuwa ameshaingia garini na kuwasha injini. Ilimbidi Ardis akimbie kwenye theluji na sapatu za ndani, agonge kioo, amuulize, "Eti ulikuwa unasema nini vile?" Waliishi pamoja maisha marefu, wakamzaa Renae peke yake, na mpaka Harlan anashushwa kaburini hakuna aliyewahi kulitaja lile la kugonga kioo.

Sasa huyu Ardis, pamoja na nyonga yake ya chuma na umri wake wa kupishwa kiti kila aendako, alikuwa na uchu mmoja. Alitaka kuuona mlima Denali, kule Alaska.

Usimcheke. Tverdal ni tambarare kama sinia. Kitu kirefu kuliko vyote ni ghala la mahindi la chama cha wakulima, kinafuata mnara wa kanisa la Walutheri, na cha tatu, kwa maneno ya shoga yake LaVonne, ni Orville Stensrud akisimama wima. Ardis alipika chakula cha shule maisha yake yote, na dirisha la jiko la shule lilitazama ghala. Akirudi nyumbani, dirisha la jiko lake nalo likatazama ghala lile lile, upande wa mgongoni.

"Nimelitazama lile dude mbele na nyuma," alimwambia LaVonne. "Kabla sijafa nataka nisimame chini ya kitu kitakachonifanya nishike kofia yangu nikikiangalia."

"Basi sema," LaVonne akamjibu.

"Nitasema nikiulizwa."

LaVonne akageuza macho juu. Yeye aliwahi kuolewa na mtu wa Chicago, ndoa haikudumu, lakini aliondoka na kitu kimoja cha maana: alijua kusema ndiyo.

Bahati ikaja na miguu yake. Watu wa kanisa walikuwa wanapanga safari ya kaskazini ya kiangazi. Meli ingewachukua Vancouver, ingewapitisha mbele ya milima ya barafu inayomeguka baharini, na kuwashusha bandari ya Whittier. Kutoka hapo njia zinaachana. Waliochukua meli peke yake wanapelekwa uwanja wa ndege, warudi kwao. Walioongeza nchi kavu wanapanda treni yenye paa la kioo, wanapandishwa mpaka bara, wanalala kwenye nyumba za magogo karibu na Denali. Mlima wenyewe una maringo, unajifunika mawingu siku nyingi kuliko unavyojifunua.

Mpangaji wa safari alikuwa Gia Petrucelli, mama mwenye ofisi yake pembeni mwa duka la vyuma. Gia hakuwa wa pale. Alizaliwa New Jersey, na kwao mtu akitaka kitu hukitaka kwa sauti, asipokitaka hukikataa kwa sauti kubwa zaidi. Alikuja Tverdal kumfuata mume, akampenda mume, akapenda na samaki wa ziwani, lakini watu wa pale hakuwahi kuwasoma vizuri. Alidhani hawanywi kahawa.

Renae ndiye aliyemwendesha mama yake ofisini kwa Gia. Renae alikuwa nesi mstaafu, na nesi hastaafu kamwe, hubadilisha wagonjwa tu. Kabla mama yake hajaketi vizuri, alishamfungua koti, akamvua glavu, akamwekea mto mgongoni.

"Kwenye meli nimeridhika," Renae akamwambia Gia. "Meli ina daktari. Mama atakaa, atakula, ataangalia barafu."

"Safi kabisa," Gia akasema, vidole vyake vikiruka kwenye kompyuta. Halafu akamgeukia Ardis mwenyewe, macho kwa macho. "Na nchi kavu je, Bi Ardis? Treni, Denali, mambo yote? Nikuongezee?"

Moyo wa Ardis uliruka kama samaki kwenye ndoo. Ndilo hilo! Ameulizwa! Akatabasamu kwa adabu zake zote, akasema, "Aa, hapana, sitaki kukusumbua."

"Sawa," Gia akasema. Akabofya. "Tumeitoa. Sasa chumba chako cha melini, ghorofa ya juu au ya chini?"

Ardis alikuwa ameshaandaa hapana ya pili, nzuri, yenye kisingizio cha nyonga ndani yake, na nyuma yake kabisa ameficha ndiyo. Hakuna aliyeiulizia. Ilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akadhani bado imebaki moja, mguu ukagonga sakafu.

"Popote," akasema kwa sauti ndogo.

Garini Renae alikuwa anaimba. "Umefanya la busara, Mama. Nilikuwa naogopa ungeng'ang'ania. Mizigo kila siku, ngazi za treni, dubu..."

"Ungeniuliza," Ardis akasema, akiangalia nje. Nje kulikuwa na ghala.

"Si umeulizwa? Ukasema hapana."

Na Renae alikuwa mtoto wa pale pale Tverdal. Alijua fika hapana ya kwanza ni ya nini. Aliijua kama anavyojua jina lake. Hilo ndilo lililomkaa Ardis kooni kama mwiba wa samaki: mgeni hakumwelewa, haya, lakini binti yake alimwelewa vizuri sana akanyamaza.

LaVonne aliposikia alipiga meza mpaka vijiko vikaruka. "Uff da, Ardis! Yule ni mtu wa New Jersey! Ukimwambia hapana, kwake ni hapana!"

"Angeuliza tena angepungukiwa nini?"

"Na wewe ungesema ndiyo ungepungukiwa nini?"

"Heshima."

"Heshima!" LaVonne akacheka. "Haya, chukua heshima yako upande nayo juu ya ghala, uone kama utaiona Denali."

Mficha uchi hazai, lakini kuna watu wanaona heri kukosa mtoto. Ardis akaamua kuirudisha safari yake kwa njia za kwao. Kwanza akapeleka ofisini kwa Gia lefse, zile chapati za viazi za Wanorwe, mababu wa watu wa pale, zimepakwa siagi na sukari, akasema kana kwamba anazungumzia habari za mtu mwingine, "Nasikia hiyo treni ni nzuri, kwa wanaopenda treni."

"Nzuri mno," Gia akasema, mdomo umejaa. "Hizi ni tamu, jamani. Umezipika mwenyewe?"

Akarudi tena. Akasema nyonga yake siku hizi haimsumbui. Gia akamwambia anafurahi kusikia. Akarudi tena, akaegemea dirisha, akashusha pumzi, akasema, "Mtu akifika mpaka Whittier halafu arudi, sijui, ni kama kufika mlangoni."

"Kweli wengi wanasema hivyo," Gia akasema. Akatazama kompyuta yake. "Na vyumba vya nchi kavu vimekwisha. Watu hawachelewi!"

Siku hiyo Ardis alikwenda nyumbani kwa miguu, kwenye baridi kali, watu wenye akili wamechomeka magari yao kwenye umeme ili injini zisigande. Renae akampigia simu kumgombeza. Ardis akaiweka simu juu ya meza, akaiacha iongee yenyewe, akakosha vyombo.

Jumapili moja ya Februari, baada ya ibada, Gia alikuja kuongea na wasafiri wote kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Ukumbi ulinuka kahawa nyepesi na viazi vilivyookwa na nyama. Kwenye meza kulikuwa na sinia la vipande vya keki, na kama kawaida kilibaki kipande kimoja cha mwisho ambacho hakuna wa kukila. Mmoja alikikata nusu, akala nusu. Mwingine akaikata ile nusu, akala nusu yake. Kilichobaki ungekipitisha kwenye tundu la sindano.

Renae alikuwa amekaa ubavuni mwa mama yake, na shali ya akiba mapajani. LaVonne mbele yao. Orville Stensrud, mzee mrefu asiyewahi kuoa, alikuwa ameegemea nguzo, maana viti vya kanisa havimtoshi miguu.

Gia akaeleza habari za pasi za kusafiria, viatu, madawa. Halafu akapiga makofi. "Na nina habari njema! Chumba kimoja cha nchi kavu kimerudi. Treni, Denali, kila kitu. Nani anakitaka?"

Kimya.

Kimya hicho kisikudanganye. Ukumbi mzima ulikitaka kile chumba. Ungeweza kuisikia tamaa ikipumua. Lakini kila mtu alitazama viatu vyake.

"Orville?" Gia akauliza. "Wewe si uliniuliza habari za treni?"

"Aa, hapana," Orville akasema. "Mpe mwingine."

"Mwingine nani? Jamani, ni hasara kukiacha. Orville, una uhakika?"

Loo. Alikuwa amemuuliza mara ya pili, bila hata kujua alichofanya. Orville akawa mwekundu masikioni. "Hapana hapana, mimi ni mtu wa nyumbani," akasema, akajisukuma kidogo kutoka kwenye nguzo, kama mtu anayejiandaa kupokea.

Kila mtu ukumbini alijua kilichofuata. Mara ya tatu ikija, Orville atatikisa mabega, atasema haya basi. Ndiyo sheria. Foleni imepangwa, na aliye mbele ni Orville.

Ardis alimtazama Orville. Alimtazama Gia, anayefungua mdomo. Kifuani kwake adabu ya mama yake, na ya mama wa mama yake, na ya Wanorwe wote waliowahi kufa na njaa kwa heshima, ikamvuta sketi: kaa chini. Akasimama. Nyonga ya chuma ikalia kama kijiko.

"Mimi," akasema. "Nakitaka mimi."

Hata birika la kahawa liliacha kuchemka. Mwanamke mmoja nyuma akashika mkufu wake.

"Mama," Renae akanong'ona, akimvuta mkono. "Mama, kaa. Orville alikuwa..."

"Najua Orville alikuwa wapi. Alikuwa kwenye hapana ya pili. Orville, nakuuliza mbele za watu. Unakitaka hiki chumba?"

Orville akashika nguzo. "Nisingependa kumsumbua mtu."

"Sikukuuliza usumbufu. Nimekuuliza chumba. Ukisema unakitaka, tutarusha sarafu hapa hapa, na ukishinda nitakupigia makofi. Sema."

Yule mzee akasimama pale na urefu wake wote. Midomo ikamcheza. Ardis alimngojea, na alimngojea kwa haki, maana alijua vilivyo neno lile lilivyo zito. Lakini neno halikutoka. Orville akasema, "Dubu nimeshawaona. Wanakuja kwenye pipa langu la taka."

Ardis akamwonea huruma. Huruma ilimchoma, na ilikuwa rahisi mno kusema, haya Orville, chukua wewe. Watu wangemsifu mpaka Pasaka. Akauma meno akaiacha huruma ipite.

"Gia," akasema, "andika jina langu. Usiniulize tena. Nimesema ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho."

"Naandika!" Gia akasema, macho yamemtoka. "Mungu wangu, mtu mmoja wa mji huu amenijibu!"

LaVonne akapiga makofi peke yake. "Na chumba kina vitanda viwili, nimekiona kwenye picha! Orville, bado hujachelewa, chagua upande!"

Ukumbi ukaangua kicheko, masikio ya Orville yakawaka kama taa za breki, na katika kicheko hicho Renae akasimama naye. Alikuwa amepauka, lakini alitabasamu kinesi.

"Vizuri, Mama. Hiyo ni tofauti," akasema. Na Tverdal, ukitaka kumtukana mtu matusi ya nguoni, unamwambia jambo lake ni tofauti. "Lakini kama ni hivyo, kitanda cha pili nitakichukua mimi. Nitakuja nawe."

"Hapana," Ardis akasema.

Renae akacheka kidogo. Aliijua lugha. "Si kazi kwangu, Mama. Nitakubebea mizigo. Nitakuwa nawe kwenye ngazi."

"Hapana, Renae."

"Nitakuja." Alishafungua mkoba, ameshatoa kalamu amkaribie Gia. "Unajua ungependa niwepo. Nije?"

Hiyo ilikuwa ya tatu. Ukumbi mzima ukahesabu moyoni. Sasa mama atatikisa mabega, sasa atasema haya basi, na binti atakuwa na Denali mkononi pamoja na mama, shali na dawa zote za kikohozi.

"Hapana," Ardis akasema.

Kalamu ikabaki hewani.

"Mama, hiyo ni hapana ya nini?"

"Ni hapana ya New Jersey."

Gia akainua mkono juu kama anayeapishwa. "Hizo ninazijua," akasema. "Hazina ngazi nyingine."

Renae akakaa. Tabasamu likamtoka, na bila lile tabasamu alionekana mdogo, kama siku aliyoachwa na basi la shule. "Mimi nitakuwa nakufikiria tu," akasema. "Kila siku. Ukianguka je?"

"Nikianguka nitakuwa chini, nitautazama vizuri zaidi." Ardis akaketi karibu yake, akamshika mkono. Hakuongea kwa sauti ya kuwafurahisha watu sasa. "Sikiliza, mwanangu. Siku ile ofisini uliisikia hapana yangu, na ulijua. Ulijua, Renae."

Renae akaikunja shali, akaikunjua, akaikunja. "Nilijua," akasema.

"Ulifurahi kuwa mgeni hajui."

"Nilifurahi." Kisha, kwa sauti ya chini, "Mama, na mimi sijawahi kwenda popote."

Hilo Ardis hakulitegemea. Alimtazama binti yake, mwanamke mzima mwenye mvi zake, aliyekaa maisha yote akiwafunika watu shali. Ungedhani hapo angelainika, angesema njoo, mwanangu, vitanda ni viwili. Watu wa meza ya pili walishaanza kutafuta vitambaa vya kufutia macho.

"Basi nenda," akasema. "Gia ana ofisi, ina mlango. Nenda uende unakotaka wewe, si kunisindikiza mimi. Lakini usiende na hapana zako tatu, la sivyo safari yako itaishia bafuni."

Renae akacheka, kicheko kilichochanganyika na makamasi, akatumia shali ya akiba kufutia pua. Ilikuwa mara ya kwanza shali ile kufanya kazi ya maana.

Haikuwa amani. Wakati watu wanavaa makoti, wanawake wawili walimpita Ardis wakamwambia, kwa upole wa kuchubua ngozi, kwamba ni vizuri kuona mtu *anajua anachotaka*. Aliwashukuru. Orville alimpita bila kusema lolote, kisha akarudi kutoka mlangoni, akamuuliza kama akipita karibu na reli angeweza kumpigia picha ya kichwa cha treni, kama si usumbufu.

"Unaitaka au huitaki?"

Orville akasimama wima. "Naitaka," akasema, akakimbia kabla hajaadhibiwa na Mungu.

Gia alikuwa bado mezani, kompyuta imefunguliwa, kikombe cha kahawa ubavuni. Mtu alimpa bila kumuuliza hata mara moja. "Bi Ardis, bado jambo moja," akasema. "Kiti cha kwenye treni. Upande wa kushoto au wa kulia?"

Mdomo wa Ardis ukafunguka wenyewe, kwa mazoea ya umri mzima, kusema popote, usijisumbue. Akaufunga. Akavuta kiti, akaketi vizuri, akaegemea meza kama mtu mwenye shughuli.

"Mlima uko upande gani?" akauliza.

"Kushoto, mkielekea juu. Kama utakubali kuonekana."

"Kushoto," Ardis akasema. "Na dirishani. Na mtu mrefu asikae mbele yangu."